Mjumbe Anapouawa: Uhusiano wa Kemikali za Ubongo na Ugonjwa wa Alzheimer

Utangulizi

Mnamo mwaka 1901, mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka 51 alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani. Alikuwa amepoteza kumbukumbu, hakujua alipo, na alimshuku mumewe bila sababu. Alipotakiwa kuandika jina lake, aliandika neno la kwanza tu, kisha akasahau lililosalia. Alipofariki mwaka 1906, daktari Alois Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona mabonge yaliyoganda baina ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Alizieleza habari hizo mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen mwezi Novemba mwaka huo, na mwaka 1910 Emil Kraepelin aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer.

Mabonge na nyuzi hizo peke yake hazielezi kwa nini mgonjwa husahau jina la mwanawe. Makala haya yanachunguza kiungo kimoja muhimu cha maelezo hayo, yaani kemikali zinazopeleka ujumbe kutoka seli moja ya ubongo hadi nyingine.

Kazi ya Mjumbe

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli hizo hukaribiana sana, lakini kwa kawaida hutenganishwa na upenyo mwembamba uitwao sinapsi. Ishara ya umeme ifikapo ukingoni mwa seli, seli hiyo humwaga kemikali ambayo huvuka upenyo na kushika vipokezi vya seli ya pili. Hapo ndipo ujumbe unapopokelewa.

Ushahidi wa jambo hili ulitolewa na Otto Loewi mwaka 1921. Aliusisimua mshipa wa neva unaopunguza mapigo ya moyo wa chura, kisha akachukua majimaji yaliyouzunguka moyo huo na kuyatia kwenye moyo wa chura mwingine. Moyo wa pili nao ulipunguza mapigo, ingawa neva zake hazikuguswa. Kemikali iliyohusika ilikuja kutambuliwa kuwa asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alituzwa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale.

Asetilikolini huundwa kwa msaada wa kimeng'enya kimoja, na ikishafikisha ujumbe huvunjwa na kimeng'enya kingine. Afya ya kumbukumbu hutegemea mizani baina ya kuunda na kuvunja.

Upungufu wa Asetilikolini

Mwaka 1974, David Drachman na mwenzake waliwapa vijana wenye afya dawa ya skopolamini, ambayo huzuia kazi ya asetilikolini. Kwa muda, vijana hao walipata matatizo ya kukumbuka yaliyofanana na ya wazee. Mwaka 1976, Peter Davies na A. J. F. Maloney walichapisha matokeo ya uchunguzi wa ubongo wa watu waliofariki wakiwa na Alzheimer: kimeng'enya kinachounda asetilikolini kilikuwa kimepungua mno. Mapema miaka ya 1980, Peter Whitehouse na wenzake walionyesha kwamba seli zinazotoa kemikali hiyo, zilizo chini ya sehemu ya mbele ya ubongo, zilikuwa zimekufa kwa wingi.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Katika ugonjwa huu, hata nyumba anamozaliwa mjumbe hubomoka.

Utafiti huo ulizaa dawa. Takrini iliidhinishwa Marekani mwaka 1993, lakini baadaye iliachwa kwa kuwa ilidhuru ini. Donepezili ilifuata mwaka 1996. Dawa za aina hii huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, ili kiasi kidogo kilichosalia kidumu zaidi katika sinapsi. Hata hivyo, hazifufui seli zilizokufa. Kwa hiyo nafuu yake ni ya kadiri, na hupungua kadiri ugonjwa unavyoendelea.

Wajumbe Wengine

Aidha, asetilikolini haiko peke yake. Glutamati, kemikali kuu inayosisimua seli za ubongo, ni muhimu katika kujifunza, lakini ikizidi huweza kuziua seli zilezile inazozihudumia. Memantini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, hupunguza msisimko huo. Hali kadhalika, serotonini na noradrenalini huathirika, jambo linalosaidia kueleza kwa nini mgonjwa huweza kuwa na huzuni, wasiwasi na usingizi wa kukatikakatika.

Mipaka ya Maelezo Haya

Upungufu wa wajumbe hauchukuliwi tena kuwa chanzo cha ugonjwa. Watafiti wengi huuona kuwa matokeo ya uharibifu unaohusiana na protini mbili: amiloidi, inayounda mabonge, na tau, inayounda nyuzi. Lekanemabu, iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi na kupunguza kasi ya ugonjwa, bila kuusimamisha. Isitoshe, huweza kusababisha uvimbe au kuvuja kwa damu ubongoni.

Umuhimu kwa Jamii

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu milioni 57 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza akili mwaka 2021, na Alzheimer huchangia asilimia 60 hadi 70 ya visa hivyo. Maarifa haya yana manufaa nyumbani. Mathalani, baadhi ya dawa za zamani za mzio zinazoleta usingizi huzuia asetilikolini, na huweza kuivuruga akili ya mzee. Ni vyema daktari aulizwe kabla ya kumpa.

Suala la lugha nalo lina uzito. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa eneo la Marani, Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Katika mazingira kama hayo, mzee anayezurura usiku na kusema na watu wasiokuwapo yumo hatarini maradufu: maradhi yanamla ndani, na majirani wanamshuku nje. Akiitwa mchawi, atatafutiwa adhabu. Akiitwa mgonjwa, atatafutiwa matunzo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba usahaulifu wa Alzheimer una msingi katika mwili: seli hufa, wajumbe hupungua, na ujumbe haufiki. Tiba kamili haijapatikana. Lakini kueleza ukweli huo kwa Kiswahili kinachoeleweka sokoni na kijijini ni kazi isiyohitaji kusubiri maabara, na ni wajibu wa wanafunzi na walimu wa lugha hii.