Data ya Programu Inapokwama Njiani

Kijana anayejifunza kuandika programu anatunga skripti ya Python inayosoma kina cha mto kila dakika. Akiiendesha peke yake, kila kipimo kinaonekana kwenye skrini papo hapo. Kisha anaiunganisha, kwa alama ya |, na programu ya pili inayotuma ujumbe mfupi kwa wakazi wa bondeni maji yakizidi kiwango. Kimya. Hakuna ujumbe unaotoka, wala kosa linaloonyeshwa.

Wengi hapo hulaumu mtandao, na siku nzima huishia kwenye kubadilisha laini za simu. Tatizo liko kwenye skripti yenyewe. Inapoandika kwenye skrini, hutoa kila mstari mara unapokamilika. Inapoandikia programu nyingine, hukusanya maandishi kwanza katika sehemu ya kumbukumbu iitwayo bafa, na haiyaachilii mpaka bafa ijae, kama matatu inayongoja abiria stejini. Kompyuta hufanya hivyo kwa sababu kupeleka mzigo mmoja mkubwa ni kazi nyepesi kuliko kupeleka midogo mingi. Kwa faili kubwa, utaratibu huo ni mzuri. Kwa tahadhari ya mafuriko, ni hatari.

Hesabu yake ni hii. Mstari kama "14:05 kina 2.31" una baiti 16, pamoja na alama ya mwisho wa mstari. Katika matoleo mengi ya Python 3, bafa hii ni ya baiti 8192, yaani mistari 512. Kwa mstari mmoja kila dakika, bafa itajaa baada ya takriban saa 8 na dakika 32. Na umeme ukipotea kabla ya hapo, vipimo vilivyomo vinapotea navyo.

Tiba ni fupi:

print(mstari, flush=True)

Neno flush huamuru mstari utoke mara moja. Asiyetaka kugusa skripti anaweza kuiendesha kwa python3 -u.

Mtego uliobaki ni programu ya katikati. Grep ikiwekwa hapo kuchuja mistari, nayo hukusanya vilevile, hivyo iongezewe --line-buffered.

Kabla ya kuwaunganisha wakazi, skripti ijaribiwe hivi:

python3 mto.py | cat

Mistari ikitokea mmoja mmoja kila dakika, bafa haiishikilii tena.