SOMO: KELELE ZA JIRANI NA SOKETI YA UKUTANI



Katika mitaa yetu ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Bahati hadi Umoja na Kayole, wengi wetu twaishi ukuta kwa ukuta. Huku mtoto anajitayarisha kwa mtihani, kule redio inalia hadi saa sita usiku. Huku baba aliyetoka zamu ya usiku anatafuta usingizi, kule watoto wanacheza. Si lazima jirani awe mtu mbaya. Ukuta wenyewe ni mwembamba. Ndiyo sababu wengi huongeza bodi ukutani kuzuia kelele. Jambo hili ni zuri, lakini kuna mahali pamoja pa hatari: soketi ya stima.

Kosa letu wenyewe

Chumba tunachotumia kwa masomo ya jioni kilikuwa na kelele nyingi. Sisi wanakamati tukaona fundi ni gharama. Tukajaza sponji za magodoro makuukuu, tukapigilia silingi bodi juu yake, na mahali pa soketi tukakata tundu tu. Soketi ikabaki imezama ndani, na plagi haikuingia hadi mwisho. Jioni moja, birika la stima likichemsha chai, tukasikia harufu ya kuungua. Tulipobandua bodi tulikuta soketi imekuwa nyeusi na sponji imeanza kuyeyuka. Watoto walikuwa mumo humo wakisoma. Ilibaki kidogo tu, jameni.

Kwa nini ilitokea?

Stima yetu ni ya volti 240, na soketi ya pini tatu ni ya ampea 13, yaani karibu wati 3,100. Birika moja laweza kula wati 2,000 au zaidi. Plagi isipokaa sawa, chuma hakigusani vizuri na chuma, na hapo joto hupanda. Sponji huzuia joto lisitoke. Tena hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Trei za mayai ni karatasi. Huwaka vilevile, na kelele ya jirani hazizuii. Hupunguza mwangwi wa chumbani tu.

Sauti hupita wapi?

Kinachozuia sauti ni uzito wa ukuta na kuziba kila upenyo. Panapopita hewa, sauti nayo hupita. Nyumba nyingi zina soketi yako na ya jirani mgongo kwa mgongo, katikati pana plasta kidogo tu. Unaweza kuweka bodi nzito ukuta mzima, na bado ukasikia mazungumzo kupitia hapo. Kwa hivyo soketi haifai kufunikwa, wala haifai kuachwa hivi hivi. Ni lazima ishughulikiwe.

Hatua za kufuata

1. Ikiwezekana, ondoa soketi kwenye ukuta huo. Mwambie fundi aihamishe ukuta mwingine. Usikate waya mwenyewe, kwani mara nyingi soketi nyingine hupata stima kupitia hiyo.

2. Ikibaki, isogezwe mbele. Njia rahisi ni kisanduku cha juu ya bodi mpya, ambapo tundu linalotobolewa ni la kebo peke yake. Tundu hilo lizibwe kabisa kando ya kebo. Kiungio cha waya kisifichwe nyuma ya bodi. Ni heri kuvuta kebo nzima mpya.

3. Usijaze kitu chochote ndani ya kisanduku cha soketi. Uwazi ulioachwa na kisanduku cha zamani uzibwe kwa simiti baada ya fundi kuondoa waya zote.

4. Nyuma ya bodi, badala ya sponji, tumia zile blanketi za nyuzi za mawe au za kioo. Haziwaki ovyo. Lakini kebo isizungushiwe blanketi, maana nayo hupata joto.

5. Kabla ya kupiga msumari, jua kebo inapopita. Kwa kawaida huteremka au kupanda wima kutoka kwenye soketi, lakini usitegemee hilo peke yake.

6. Zima meni swichi, kisha fundi apime kwa mita kabla ya kugusa. Aijaribu mita kwanza mahali penye stima ili ajue inafanya kazi.

Kumbukeni mambo mawili. Kwanza, tokeni kuisha si kuzima stima. Mtu akinunua nyingine, stima inarudi mkono wako ukiwa ndani. Pili, soketi ya jirani iko kwenye mita yake. Umezima kwako, kwake bado inawaka. Kama ploti ina waya za sambaza, hatari ni kubwa zaidi. Hata rangi zisikudanganye. Nyumba za zamani zina nyekundu, nyeusi na kijani. Mpya zina kahawia, buluu na kijani chenye mistari ya manjano. Lakini waya zikishachezewa na watu, rangi si ushahidi.

Fundi na landilodi

Mafundi wa stima hupewa leseni na EPRA. Mwombe akuonyeshe yake, bila aibu. Mpangaji naye amweleze landilodi kabla ya kazi kuanza, na amweleze jirani pia. Pengine mkizungumza, redio itapunguzwa hata kabla ya bodi kununuliwa.

Sisi tulimlipa fundi hatimaye, na sponji zote tukazitoa. Pesa tulizojaribu kuokoa tulizilipa, pamoja na za soketi mpya.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika nyumba yako, ni soketi gani imefunikwa na kabati, kitanda au pazia?
2. Nani katika ploti yenu anajua meni swichi ilipo? Je, watoto wakubwa wanajua?
3. Kikundi chenu chaweza kuchanga vipi ili familia isiyo na uwezo ipate fundi mwenye leseni?