DAWA ZA KUUA MAGUGU KATIKA UWANJA WA NYUMBA
Lijue gugu kwanza, kisha nunua dawa

Uwanja wa majani mbele ya nyumba si anasa tu. Majani yaliyofunga ardhi vizuri huzuia vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Huushika udongo usichukuliwe na maji, na watoto hupata mahali safi pa kuchezea. Lakini kila mwenye uwanja ajua ya kuwa magugu hayangoji kualikwa. Mvua ndefu za mwezi wa Machi hata Mei zikinyesha, kishona nguo, mchunga, ndago na sangari huota pamoja na majani mazuri, na mara nyingi huyashinda.

Basi watu wengi huenda dukani na kuuliza neno moja tu: "Mna dawa ya magugu?" Swali hilo halitoshi. Ni sawa na mgonjwa kuingia hospitali na kusema, "Nipeni dawa ya ugonjwa." Dawa iuayo gugu moja yaweza isiliguse jingine, na dawa nyingine huua magugu yote pamoja na majani yenyewe, hata mwenye nyumba akabaki na udongo mtupu. Zaidi ya hayo, dawa hizi ni sumu, na uwanja wa nyumba si kama shamba la mbali. Ni mahali ambapo mtoto hutambaa, kuku hudonoa na mbuzi hula. Kwa hiyo yafaa kila mtu ayajue mambo haya kabla ya kutoa fedha yake.

MAJANI YAKO NI YAPI?

Gugu ni mmea wowote ulioota mahali usipotakiwa. Majani ya Kikuyu ni mfano mzuri. Asili yake ni nchi za juu za Afrika Mashariki, na katika Kenya hupendwa sana katika viwanja vya nyumba na vya michezo. Yamepelekwa mpaka Australia na Marekani. Lakini katika California watu wengi huyahesabu kuwa gugu baya, maana huingia katika viwanja vya majani mengine na kuyafunika. Hata hapa Kenya, majani hayo hayo yakivuka ua na kuingia katika bustani ya mboga, huwa gugu.

Pwani watu wengi hupanda majani ya Pemba, ambayo jani lake ni pana zaidi. Tofauti hii ni ya maana sana. Dawa ambayo majani ya Kikuyu huistahimili yaweza kuyaunguza majani ya jamii ya Pemba. Basi mwenye uwanja ayajue majani yake kwa jina, na ahakikishe ya kuwa karatasi ya dawa yasema haiyadhuru.

MAGUGU NI YA NAMNA TATU

Namna ya kwanza ni magugu ya majani mapana, kama kishona nguo, mchunga na mbigili. Mishipa ya jani lake imesambaa kama wavu. Katika fungu hili kuna na gugu lenye vijani vitatu vitatu na maua ya zambarau, ambalo chini ya udongo huwa na vitunguu vidogo vingi. Hilo ni gugu sugu, kwa sababu kila kitunguu kikiachwa huchipua.

Namna ya pili ni magugu ya jamii ya nyasi. Jani ni jembamba, na mishipa yake huenda sambamba toka mwanzo hata ncha. Sangari ndiyo mkubwa wa fungu hili. Mashina yake hutambaa chini ya ardhi, na kipande kidogo kikikatwa kwa jembe na kuachwa, huwa mmea mpya.

Namna ya tatu ni ndago na jamaa zake. Kwa macho ndago hufanana na nyasi, lakini si nyasi. Mtu akilizungusha shina lake kati ya vidole, atazisikia pembe tatu. Chini ya ardhi ina viazi vidogo vilivyoungana kama shanga katika uzi. Aking'oa jani, viazi hubaki na kuota tena.

DAWA NAZO SI MOJA

Dawa za kuchagua ni zile ziuazo mimea ya majani mapana na kuacha nyasi. Mashuhuri kati yake ni 2,4-D, iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1940, na nyingine iitwayo MCPA. Dawa ya 2,4-D huiga kichocheo kinachoongoza kukua kwa mmea. Gugu huanza kukua bila utaratibu, shina hupindapinda, na baada ya siku kadha hufa. Dawa hiyo yafaa kwa kishona nguo na mchunga, lakini haiui sangari, na ndago hairudishi nyuma kwa muda mrefu.

Dawa ziuazo kila mmea ni za namna nyingine. Iliyoenea zaidi ni glaifoseti, ambayo juu ya chupa huandikwa "glyphosate". Ilianza kuuzwa mwaka 1974. Huingia kwa jani la kijani, hushuka mpaka mizizini, na mmea hukauka baada ya wiki moja au mbili. Watu wengi hununua dawa hii kwa ajili ya uwanja wao bila kujua ya kuwa haitambui tofauti ya gugu na majani ya Kikuyu. Ikinyunyizwa juu ya uwanja wote, uwanja wote hufa. Kazi yake nyumbani ni kusafisha njia ya changarawe na kando ya ukuta, au kuua kiraka cha sangari kabla ya kupanda majani upya.

Parakwati huunguza jani lililoguswa tu, wala haifiki mizizini. Kwa hiyo sangari na ndago huchipua tena. Juu ya hayo, sumu yake haina dawa ya kuiponya, na funda moja lililomezwa laweza kumwua mtu mzima. Jumuiya ya Ulaya iliacha kuiruhusu tangu mwaka 2007. Dawa ya namna hii haina mahali katika uwanja wa nyumba wanapocheza watoto.

Kwa ndago ziko dawa maalum, kama zile zenye halosalfuroni, ambazo hufika mpaka kwenye viazi vyake. Lakini hata hizo hazimalizi kazi kwa siku moja. Ndago hushindwa na mtu mwenye subira.

JE, DAWA YAHITAJIWA KWELI?

Magugu mara nyingi ni dalili, si ugonjwa wenyewe. Majani yakikatwa mpaka udongo uonekane, yakikosa mbolea, au yakikanyagwa kila siku mahali pamoja, hupungua nguvu, na magugu huchukua nafasi. Dawa ikiua magugu hayo na sababu ikiachwa, msimu ujao yatarudi.

Basi majani ya Kikuyu yasikatwe chini mno. Yakiachwa na urefu wa sentimita tano hivi hufunga ardhi na kuinyima mbegu ya gugu mwanga wa jua. Samadi iliyooza vizuri hutiwa mwanzo wa mvua. Kishona nguo kichache hung'olewa kwa mkono kabla ya kutoa mbegu, wakati udongo ungali na unyevu. Kiraka kidogo cha sangari huchimbwa kwa uma wa bustani, wala si kwa jembe, ili mashina yatoke mazima. Kwa uwanja mdogo, kazi hii ya mkono mara nyingi hutosha, na haina gharama ya dawa.

KUNUNUA

Ikiwa dawa yahitajiwa, inunuliwe katika duka linalojulikana, na chupa iwe imefungwa kama ilivyotoka kiwandani. Katika Kenya dawa hizi husimamiwa na bodi ya serikali iitwayo kwa herufi PCPB, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1982. Dawa iliyoandikishwa huwa na namba yake juu ya karatasi. Chupa isiyo na namba, isiyo na tarehe, au dawa iliyopimwa rejareja katika chupa ya soda, isinunuliwe hata ikiwa rahisi.

Chini ya karatasi hiyo pana mstari wa rangi, ili hata asiyejua kusoma apate kuonywa. Nyekundu ni sumu kali kabisa, njano hufuata, kisha buluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo. Lakini kijani si ruhusa ya kuichezea.

Watu wengi huuliza juu ya glaifoseti na ugonjwa wa saratani. Mwaka 2015 shirika la uchunguzi wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilisema ya kuwa yaelekea dawa hiyo huweza kuleta saratani kwa binadamu. Idara zinazosimamia dawa katika Marekani na Ulaya zilichunguza nazo zikasema haielekei kuwa hivyo. Kwa mwenye nyumba, njia ya busara ni kuitumia kidogo, mahali inapohitajiwa tu, na kuizuia isiguse mwili.

KUPIMA

Hapa ndipo wengi hupotea. Hudhani dawa ikizidi, magugu yatakufa upesi. Sivyo. Dawa ya 2,4-D ikizidi huchoma majani mazuri, na glaifoseti ikizidi ni fedha iliyomwagwa. Kila bomba na kila mkono una mwendo wake, kwa hiyo yafaa kupima namna hii:

1. Pima kwa kamba eneo la mita 10 kwa mita 10. Hizo ni mita za mraba 100.
2. Tia maji matupu katika bomba, ukiandika ni lita ngapi, kisha nyunyiza eneo hilo kwa mwendo wa kawaida.
3. Tazama ni maji kiasi gani yametumika. Tuseme ni lita 3.
4. Soma karatasi ya dawa. Mathalan ikisema lita 2 kwa hekta moja, hekta ni mita za mraba 10,000. Basi mita 100 zahitaji mililita 20.
5. Mililita hizo 20 hutiwa katika lita 3 za maji, wala si zaidi.

Hesabu hii ni mfano tu. Kipimo cha kweli ni kile kilichoandikwa juu ya dawa iliyonunuliwa. Maji yawe safi, kwa sababu glaifoseti hushikwa na udongo, na maji ya matope huipokonya nguvu.

KUPIGA DAWA

Wakati mzuri ni asubuhi, upepo umetulia na mvua haionekani. Glaifoseti yahitaji saa kadha bila mvua ili iingie katika jani. Magugu yawe machanga na yenye kukua. Gugu lililonyauka kwa ukame halinywi dawa. Majani yasikatwe siku mbili au tatu kabla wala baada ya kupiga.

Mpigaji avae viatu vya mpira, suruali ndefu, shati la mikono mirefu, glavu za mpira na kitu cha kukinga macho. Asile, asinywe, wala asivute sigara mpaka aoge kwa sabuni. Watoto, kuku na mifugo wakae mbali mpaka dawa ikauke na muda ulioandikwa upite.

Jirani naye akumbukwe. Mvuke na matone ya 2,4-D yakichukuliwa na upepo huharibu nyanya, maharagwe na pamba hata ng'ambo ya ua. Bomba lililobeba dawa ya magugu lisitumiwe kupigia nyanya dawa ya wadudu, maana mabaki kidogo yatosha kuipotosha mimea. Afadhali bomba hilo liwe na kazi moja tu.

Tena majani ya uwanja hukatwa na watu wengi kuwalisha ng'ombe, mbuzi au sungura. Majani yaliyopigwa dawa wasilishwe mpaka zipite siku zilizotajwa juu ya karatasi, wala yasitandazwe katika vitalu vya mboga.

KUHIFADHI, NA MTU AKIPATWA NA SUMU

Dawa ibaki katika chupa yake, ndani ya sanduku au chumba chenye kufuli. Isihamishwe kamwe kutiwa katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hawezi kujua tofauti. Chupa ikiisha, isuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yatiwe katika bomba, kisha itobolewe. Isiwekwe maziwa wala mafuta ya taa.

Dawa ikimwagikia mwili, nguo zivuliwe na mwili uoshwe kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi kwa muda wa dakika 15. Ikimezwa, mtu asitapishwe kwa nguvu bali apelekwe hospitali mara moja, na chupa yenye karatasi yake ichukuliwe pamoja naye, ili daktari ajue ni sumu gani.

Kwa ufupi, mwenye uwanja ajiulize maswali manne kabla ya kwenda dukani: Majani yangu ni yapi? Gugu hili ni la namna gani? Je, mkono na uma haviwezi kulitoa? Na dawa ikiingia nyumbani, itafungiwa wapi? Akiweza kuyajibu yote, anunue. Asipoweza, heri aache magugu yaendelee wiki moja zaidi, na kwanza aende kwa afisa wa kilimo akichukua gugu lenyewe mkononi.