Jumanne: Kumlilia Absalomu

Soma 2 Samweli 18:5, 33. Daudi aliagiza nini kuhusu Absalomu, naye alifanya nini alipopata habari za kifo chake?

Tamthilia ya Marekani Breaking Bad (2008–2013) inamwonyesha Walter White, mwalimu wa kemia mwenye saratani, anayetengeneza dawa za kulevya akisema ni kwa ajili ya familia yake. Watazamaji wengi walimhurumia hata alipoua. Mwishoni alikiri kwamba alifanya hayo kwa ajili yake mwenyewe.

Absalomu aliagiza nduguye auawe, kisha akamwasi baba yake. Daudi alimlilia, lakini hakuuita uasi wake haki. Huruma ya kweli humwombolezea mwenye dhambi bila kuipamba dhambi.

Unapomhurumia mkosaji, utajuaje kwamba hujaanza kulitetea kosa lake?