Adabu ya Mawasiliano kwa Wanafunzi Wanaoomba Staji Masisi na Walikale

Staji, yaani kipindi ambacho mwanafunzi hufanya kazi chini ya usimamizi wa mtaalamu ili kuyatia masomo yake katika vitendo, huombwa kwa maandishi, iwe ni katika Hospitali Kuu ya Rufaa ya Masisi, ile ya Walikale au ofisi za zoni za afya kama Mweso na Pinga. Kwa kuwa barabara ni mbovu na mara nyingi barua hupelekwa na mtu mwingine, barua hiyo haina budi kujieleza yenyewe bila mwandishi wake kuwapo.

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 imekifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha 4 za taifa. Ndiyo maana barua huandikwa kwa Kifaransa, ilhali mazungumzo mapokezini huendeshwa kwa Kiswahili. Kumwita mkubwa "papa" au "mama" ana kwa ana ni heshima inayostahili kudumishwa, lakini katika barua mpokeaji hutajwa kwa cheo chake, kwa mfano Mganga Mkuu wa Zoni ya Afya, kwa sababu barua huandikiwa ofisi, na ofisi hubaki hata mwenye cheo akihamishwa.

Ombi la kupokelewa "popote penye nafasi" humtwisha msomaji kazi ya kukisia. Anayeandika kwamba anaomba staji ya wiki 6 katika wodi ya watoto, akataja chuo, mwaka wa masomo, tarehe ya kuanza na namba ya simu, amekwisha kurahisisha uamuzi. Barua iandaliwe nakala mbili: moja hubaki ofisini, na ya pili hurudi kwa mwanafunzi ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Nakala hii ya pili hupuuzwa na wengi, ingawa ndiyo ushahidi pekee barua inapopotea.

Kumbipu afisa ili apige yeye ni utovu wa adabu, hata kama uniti zimeisha. Ujumbe mfupi wenye jina, chuo na tarehe ya barua hugharimu kidogo na husomwa mtandao unaporudi. Ujumbe wa sauti mrefu hauifai ofisi, wala simu za usiku.

Vita navyo vimeongeza wajibu mwingine. Baada ya mji wa Goma kutekwa na waasi wa M23 Januari 2025, na Walikale-centre Machi mwaka huohuo, wanafunzi wengi walijikuta upande mmoja wa mstari wa mapigano na ofisi zikiwa upande wa pili. Asiyeweza kufika atoe taarifa mapema kwamba atachelewa, na aishie hapo: habari za vizuizi au za wanajeshi zisiandikwe, kwani simu iliyokaguliwa njiani inaweza kumhatarisha mwenyewe pamoja na aliyeandikiwa.

Mwanafunzi anayedaiwa fedha au ngono ili apewe nafasi hana deni la adabu kwa mdai. Ahifadhi ujumbe huo na kuupeleka kwa mkuu wa idara yake chuoni.

Wakuu wa ofisi nao wanaombwa kujibu hata pale nafasi zinapokosekana, kwa kuwa jibu la mistari miwili humwezesha mwanafunzi kuomba kwingine kabla muda wa staji haujapita.