Soko Linavyomchagulia Mchongaji

Tuanze na mchongaji wa kufikirika. Tumweke Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, na karakana yake iwe kivuli cha mwembe. Kila mwezi anachonga vitu 40 vya kuwauzia wageni: ngoma ndogo 20 za mapambo na ng'ombe 20 wa pembe ndefu. Mwenyewe anavipenda vyote sawa.

Mwezi wa kwanza zinanunuliwa ngoma 12 na ng'ombe 4. Kwa kuwa ana watoto wa kulisha, mwezi wa pili anagawa kazi kulingana na mauzo. 12 kwa 4 ni sawa na 3 kwa 1, basi anachonga ngoma 30 na ng'ombe 10. Wanunuzi ni walewale: katika kila ngoma 5 wanachukua 3, katika kila ng'ombe 5 wanachukua 1. Zinaondoka ngoma 18 na ng'ombe 2, yaani 9 kwa 1. Mwezi wa tatu anachonga ngoma 36 na ng'ombe 4. Mwezi wa nne uwiano ni 27 kwa 1, na katika vitu 40 ng'ombe hawafiki hata wawili.

Hakuna mteja aliyesema ng'ombe ni wabaya, wala mchongaji hakubadili moyo. Kilichotokea ni kwamba tofauti ileile ilizidishwa tena na tena. Pengo likiwa dogo zaidi, safari hurefuka, lakini mwisho ni uleule. Na kijana anayejifunza kwa kumtazama atarithi ngoma tu.

Wanabiolojia huuita mwendo huu uteuzi. Unahitaji mambo matatu: vitu viwe tofauti, viigwe, na vingine viigwe zaidi kuliko vingine.

Sasa twende Dar es Salaam, tuone mfano wa kweli. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta zenye kung'aa, za aina inayopakwa baiskeli, juu ya mbao nyembamba za mraba. Wanunuzi wake walikuwa hasa wageni wa mtaa wa Oyster Bay. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea na kilichokuwa kikinunuliwa, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao. Baadaye wengi walihamia kwenye kitambaa, ambacho hukunjwa kikaingia begini. Hapo hata sanduku la msafiri lilikuwa limepiga kura.

Lakini kama soko hupunguza tu aina, mitindo mipya hutoka wapi? Rudi Mutakura. Kila karakana ikijaa ngoma, bei huanguka, na aliyekwisha kuweka ngoma mbili sebuleni hatafuti ya tatu. Kilicho adimu kinaanza kuthaminiwa. Ila soko haliwezi kuchagua kisichokuwepo. Lazima mtu awe amekwisha kukitengeneza, hata kwa bahati.

Inasimuliwa kuwa hivyo ndivyo ulivyozaliwa mtindo wa shetani wa Wamakonde. Katika miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa alikuwa akichonga mtu wa kawaida kwa mpingo, mkono ukavunjika. Badala ya kulitupa gogo, alikigeuza kile kiwiliwili kuwa shetani, akampelekea mfanyabiashara Mohamed Peera, aliyekipenda na kutaka vingine. Baada ya muda wachongaji wengi waliufuata mtindo huo. Mkono uliovunjika ulileta tofauti, na mnunuzi akafanya uteuzi.

Basi msanii anayesema "nachonga ninachotaka" na mlanguzi anayesema "wanachonga ninachotaka" wote wamekosea kidogo. Soko huchagua, lakini ghala la kuchagulia hujazwa na msanii. Kwa hiyo, fundi, katika kila vitu 40 tenga viwili ambavyo bado havina mteja. Mkulima naye hali mbegu zote, hata mwaka wa njaa.