Udongo Huamua Hatima ya Choo: Somo kutoka Bunda, Butiama na Musoma

Mwezi wa Agosti udongo mweusi wa mbuga hupasuka. Katika tambarare za Bunda, kuelekea Ndabaka, nyufa zake huweza kumeza mkono wa mtu mzima. Mchimbaji wa choo hufurahia majira hayo: kuta za shimo zimesimama imara, na ndoo ya maji ikimwagwa ndani hutoweka upesi. Masika yanapofika, udongo uleule hufura, nyufa hufumba, na shimo lililoonekana kunywa kila kitu hujaa hadi mdomoni. Kilichomo hufurika uani, mahali watoto wachezapo na kuku wadonoapo.

Kosa hilo si la uvivu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilihimiza kaya kote nchini kujenga vyoo, na watu waliitikia. Lakini choo ni nusu tu ya kinga. Nusu ya pili ni ardhi inayokizunguka, ambayo kazi yake ni kuchuja maji machafu kabla hayajafika kisimani au ziwani.

Mkoa wa Mara una ardhi za namna nyingi ndani ya mwendo mfupi. Kuna mfinyanzi wa mbuga, ambao chembe zake ni ndogo mno na maji hupenya kwa shida. Kuna vilima vya mawe ya matale, ambako jembe hugonga mwamba kabla ya mita 1, na maji taka yakipata ufa hukimbia bila kuchujwa. Karibu na Ziwa Viktoria kuna kichanga, na hiki ndicho hudanganya wengi. Shimo la kichangani halijai, basi mwenyewe huliona zuri. Kumbe halijai kwa sababu maji yake yanasafiri haraka kuelekea kisima cha jirani. Tena kiwango cha maji ya ardhini kando ya ziwa hupanda ziwa likipanda, kama ilivyotokea katika miaka ya 1964 na 2020. Shimo lililokuwa kavu likajikuta limezama ndani ya maji hayo.

Kwa mganga, tofauti hizi huonekana katika magonjwa. Choo kinachofurika au kuvuja hueneza kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Mayai ya kichocho cha tumbo hutoka na kinyesi. Mvua ikiyasomba hadi ziwani huanguliwa, na vimelea huingia katika konokono kabla ya kumrudia binadamu kupitia ngozi. Mabuu ya safura hupenda kichanga chenye unyevu na kivuli, yaani hasa bustani ya mchicha iliyo nyuma ya nyumba. Mama mjamzito apaliliaye pekupeku mahali palipochafuliwa na kinyesi anaweza kuingiwa na mabuu nyayoni, na minyoo hiyo ikamnyonya damu anayoihitaji kwa ajili ya kujifungua.

Kabla ya kuchimba shimo la choo au shimo la kufyonza maji ya karo, udongo unaweza kupimwa bila maabara. Huchimbwa kishimo chenye kina cha shimo linalokusudiwa kupokea maji, au angalau cha sentimita 60, kisha hujazwa maji jioni na kuachwa usiku kucha. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo hufumba nyufa za mbuga ili udongo useme kweli. Asubuhi huongezwa maji, kisha mtu hutazama saa. Maji yakichukua zaidi ya saa 1 kushuka sentimita 2.5, shimo la kufyonza halifai hapo. Afadhali choo kilichoinuliwa juu ya kifusi na kujengewa kuta za matofali, au karo lisilovuja litakalonyonywa na gari. Yakishuka kwa dakika chache tu, hatari ni kisima. Choo na kisima vitenganishwe kwa angalau mita 30, kisima kikiwa upande wa juu wa mteremko, na sakafu ya shimo ibaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini yanapokuwa juu kabisa, yaani wakati wa mvua.

Nyumba nayo huteseka. Msingi mwembamba juu ya mbuga huinuliwa masika na kushushwa kiangazi, mpaka ukuta unapasuka kutoka pembe ya dirisha. Mwenye nyumba huuziba ufa huo kwa saruji, kwa kuwa anauona. Asichokiona ni bomba la choo lililokatika chini ya ardhi kwa mwendo uleule. Ukuta ukipasuka, bomba nalo likaguliwe.

Wakulima wengine hutumia shimo lililojaa kama mbolea, na wazo lenyewe si baya. Ila mayai ya minyoo ya mviringo huishi udongoni kwa muda mrefu. Shimo lifunikwe kwa udongo, na juu yake upandwe mgomba au mpapai, ambao tunda lake liko mbali na ardhi. Mchicha, nyanya na karoti zipandwe kwingine, mbali pia na mahali ambapo maji ya karo hufyonzwa, hata kama majani ya hapo ndiyo yanayostawi kuliko yote kiangazi.